Pampu ya Usiku: Uchambuzi wa Kisa cha Yoti Inayokaliwa

Wenye yoti walikuwa na malalamiko mawili, na kwa muda mrefu hawakuyaunganisha. Betri za matumizi ya ndani zilikuwa zinaamka zimechoka, hata baada ya siku za jua kali ambapo paneli za sola zilizijaza vizuri. Na pampu ya ngama, yaani ile inayotoa maji yanayojikusanya chini kabisa ndani ya chombo, ilikuwa inafanya kazi usiku. Mchana hunyamaza, pengine kutwa nzima. Wakishazima taa na kulala, inaanza: inanguruma kidogo, inakata, inanguruma tena. Mume akiamka na tochi kwenda kuchungulia, mara nyingi anakuta imetulia, maji yamelala kimya chini ya mbao za sakafu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Yoti yenyewe ni ya faibaglasi, urefu mita 11, mlingoti mmoja, injini ya dizeli nyuma ya ngazi ya kuingilia, chumba cha kulala watu wawili kule tezini, yaani nyuma ya chombo. Mume na mke wanaishi humo mwaka mzima. Si watalii wala si wastaafu: mmoja anafanya kazi kwa kompyuta, mwingine anashona matanga na vifuniko vya turubai kwa cherehani nzito anayoihifadhi chini ya kitanda. Nataja cherehani kwa sababu itaingia kwenye hesabu baadaye.

Ngama ni ya kina kifupi, kama zilivyo ngama za yoti nyingi za siku hizi. Katikati, juu ya mkuku (uti wa chini wa chombo), kuna kisima kidogo kinachokusanya kila tone linalopotea ndani ya chombo, na humo ndimo ilimo pampu ya umeme pamoja na swichi yake ya boya, inayoiwasha maji yakipanda. Kutoka kisimani, mpira wa kutolea maji unakwenda nyuma kama mita 5. Unapita kando ya injini, unapanda na kufanya shingo chini ya kokpiti (sehemu ya wazi anapokaa nahodha), halafu unashuka hadi kwenye tundu lililotobolewa ubavuni, karibu na tezi.

Kabla sijaitwa, walikuwa wameshabadilisha vitu vingi. Walianza na betri, kwa kuwa zilikuwa na umri na kila waliyemuuliza alisema ni betri. Betri mpya zikaleta nafuu, lakini ile nafuu ya mgonjwa aliyepewa dawa ya maumivu: zina akiba kubwa zaidi, basi mzigo uleule wa usiku hauonekani mpaka zianze kuchoka nazo. Ikafuata swichi ya boya, wakidhani inakwama juu. Kisha wakanunua pampu kubwa zaidi, inayokula umeme mwingi kuliko ile ya kwanza, na hapo asubuhi za betri zikawa mbaya kuliko mwanzo.

Jirani yao gatini, mtu mwenye uzoefu, akawapa maelezo yaliyoonekana kumaliza kazi. Pampu ya aina hii haina mlango wa kuzuia maji yasirudi, alisema. Ikizimika, maji yaliyobaki kwenye mpira kati ya kisima na shingo yanaanguka yalikotoka. Mpira wa milimita 28 ndani, wenye urefu wa mita 4 kutoka kisimani hadi kwenye shingo, unabeba karibu lita mbili na nusu. Kisima kikiwa chembamba, lita mbili zinatosha kuinua boya, pampu inawaka, inayasukuma, inazimika, yanarudi. Mzunguko usiokwisha, na hakuna hata tone moja jipya lililoingia chomboni.

Maelezo hayo ni ya kweli, tena hutokea kwenye vyombo vingi, ndiyo maana yalikubalika upesi. Wakafunga vali ya njia moja kwenye mpira, karibu na pampu, na usiku ukatulia kabisa. Betri zikapona. Kwa mtazamo wao kesi ilikuwa imefungwa.

Wiki zikapita. Usiku mmoja mke aliamka kwenda msalani, akaweka mguu sakafuni, akakanyaga maji.

Walifanya yaliyopasa kufanywa. Mume alikwenda mbele kuinua mbao za sakafu, mke akachukua mkono wa pampu ya kusukuma kwa mikono, wakafua maji kwa zamu. Pampu ya umeme ilikuwa inazunguka muda wote bila kutoa kitu cha maana. Walipopata nafasi ya kukagua, walipitia kila vali iliyo chini ya mstari wa maji, kila klipu, pakingi ya shafti ya propela, mpira wa choo. Kote kukavu. Na cha kustaajabisha, maji yalikuwa yameacha kuingia yenyewe. Kulipokucha ngama ilikuwa tupu na hakuna aliyejua maji yalipitia wapi. Hapo ndipo niliitwa.

Kitu cha kwanza nilichofungua ni ile vali ya njia moja. Ndani kulikuwa na kitanzi cha nywele, nyuzi za turubai na vipande vya rangi iliyobanduka, vyote vimesokotana kwenye ulimi wa vali na kuuacha nusu wazi. Vali ya namna hiyo inashindwa mara mbili kwa wakati mmoja: inapunguza nguvu ya pampu kutoa, na haizuii tena maji kurudi. Mimi siipendi vali ya njia moja kwenye mpira wa ngama, na si mimi peke yangu. Viwango vya ABYC, baraza la boti na yoti la Marekani, ambavyo mafundi wa vyombo vidogo hufuata hata nje ya nchi hiyo, vinairuhusu kwa kazi moja tu, ile aliyoieleza jirani: kuzuia pampu ya kujiwasha yenyewe isizunguke ovyo kwa maji yanayorudi. Haitambuliwi kama kinga dhidi ya maji ya nje kuvutwa ndani. Nikaitoa, nikaunganisha mpira kama ulivyokuwa zamani, maana nilitaka ugonjwa ujionyeshe bila kufunikwa.

Swali la pili lilikuwa: haya ni maji gani? Mabaharia wa zamani wangechovya kidole na kuonja. Lakini ngama ya chombo kinachokaliwa ina dizeli, sabuni, na mengine yasiyosemeka mezani, kwa hiyo sionji. Wenyewe walikuwa na kipimo kidogo cha chumvi wanachotumia kukagua maji yao ya kunywa. Maji ya bahari, yenye wastani wa gramu 35 za chumvi kwa kilo moja, yanazidi uwezo wa kipimo kama hicho, basi nikayapunguza: sehemu moja ya sampuli kwa mia ya maji ya tangi, sampuli moja ya bahari ya pale pale ubavuni na nyingine ya kisimani, vipimo sawasawa, kisha nikaondoa chumvi ya maji ya tangi yenyewe. Maji ya kisimani yalitoka na karibu theluthi mbili ya chumvi ya bahari.

Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko vipuri vyote walivyokwisha nunua. Kama yangekuwa ya bahari matupu, tungetafuta tundu moja. Kama yangekuwa hayana chumvi kabisa, tungetafuta tangi au mvua. Theluthi mbili kwa moja maana yake wezi walikuwa wawili.

Tukakausha ngama yote kwa sifongo na matambara, tukaigawa vyumba vinne kwa kuta ndogo za puti: mbele, katikati, injini, na nyuma kabisa kwenye usukani. Chini ya kila kiungo tukalaza kipande cha karatasi ya chooni, na kwenye miteremko tukanyunyiza unga wa chaki, kwa sababu maji yakipita juu ya chaki huacha njia inayoonekana hata yakikauka. Hii ni kazi ya kupiga magoti na kuchafuka, na watu wengi huiruka. Huendi dukani, hupati kitu cha kufungua boksi, unangoja tu hadi kesho yake.

Mbele palikuwa pakavu, kwa hiyo mvua ipitayo kwenye mlingoti ikaondoka kwenye orodha. Kwenye injini karatasi ilikuwa nyeupe. Pakingi ya shafti hudondosha kidogo shafti inapozunguka, na hapa haikuwa imezunguka. Nyuma, bomba la shina la usukani lilikuwa kavu, ingawa nililitilia shaka. Katikati, chini ya hita ya maji moto, karatasi ilikuwa imelowa chapachapa na chaki imechora mfereji hadi kisimani. Kipimo kikasema ni maji ya tangi. Mwizi wa kwanza amekamatwa: vali ya kupunguzia shinikizo. Maji yakipashwa moto kutoka nyuzi 20 hadi 80 huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 3, na kwa hita ya lita 40 hiyo ni zaidi ya lita moja isiyo na pa kwenda. Vali inayaachia, kama ilivyoundwa ifanye. Hakuna kilichoharibika. Wanapasha maji kila jioni, wanaoga, na lita moja inashuka ngamani.

Na ya bahari? Asubuhi hiyo kisima kilikuwa na maji ya chumvi tele, na mizunguko ya pampu, ambayo sasa tulikuwa tunaihesabu kwa kihesabu kidogo nilichounga kwenye waya wa swichi, ilipita mia kwa usiku mmoja. Lakini kuta zote za puti zilikuwa zimesimama na hakuna njia ya chaki iliyochorwa na maji ya chumvi kutoka upande wowote. Yaliingia kisimani bila kupita popote kwenye ngama. Ukiondoa mlingoti, vali, shafti, choo na usukani, kinachobaki kuingia kisimani ni mpira wa pampu yenyewe.

Nilipomwambia mume, alicheka. "Fundi, pampu inatoa maji. Naiona kwa macho yangu." Ni kweli inatoa, na ni vigumu kuishuku.

Mke ndiye aliyenipa kipande kilichokosekana, bila kujua. Ana daftari ambamo huandika volti za betri kila asubuhi na siku ambazo wamejaza tangi kuu la maji, lita 300, lililo chini ya kitanda cha chumba cha nyuma. Nikaomba tulisome pamoja. Asubuhi mbaya za betri zilikuwa zimekaa makundi makundi, na kila kundi lilianza usiku ule ule tangi lilipojazwa. Siku mbili au tatu mbaya, kisha zinatulia, hadi tangi lijazwe tena. Wao walishauona mpangilio huo zamani na wakahukumu kwamba tangi linavuja likijaa. Walishawahi hata kuvunja kitanda na kulikagua tangi lote, halina kasoro. Ushahidi wao ulikuwa sahihi kabisa, ila maji ya tangi hayana chumvi. Kitu kilichoongezeka tangi likijaa, na ambacho bahari inaweza kukihisi, ni uzito tu. Kilo 300, kule tezini.

Nikashuka kwenye kihori cha mpira nikazunguka chombo. Mbele, mpaka wa rangi ya kuzuia viumbe wa baharini ulikuwa juu ya maji vizuri, safi. Nyuma, mwani ulikuwa umeota juu ya mpaka huo, kwenye rangi nyeupe ya mwili wa chombo, ukanda wa kijani wenye ndevu fupi upana wa kiganja. Mwani hauoti mahali pasipolowa. Na tundu la pampu ya ngama, ambalo mjenzi aliliweka juu ya mstari wa maji kwa umbali wa kutosha, lilikuwa na ndevu hizo hizo kwenye mdomo wake wa chini.

Tukapima kutoka ukingo wa juu wa tundu hadi kwenye maji. Tangi likiwa karibu tupu na sisi tumesimama katikati ya chombo: sentimita 6 juu. Tangi likijazwa: sentimita 1 hivi. Kisha nikawaomba wenyewe waende wakalale kitandani kwao, mchana mweupe, nami nikabaki kihorini na rula. Tundu likazama sentimita 2 chini ya maji.

Hapo kila kitu kilijieleza, lakini nilitaka waone kwa macho. Nikamwomba mke atoke kitandani amwage ndoo ya maji kisimani kisha arudi upesi. Pampu ikawaka, mapovu yakatoka kwenye tundu, ikazimika. Kulikuwa na unyasi mdogo unaelea karibu na tundu. Ukasimama kidogo, kisha ukaanza kusogea kuelekea ubavuni, taratibu, halafu haraka, ukanata kwenye mdomo wa tundu na kubaki hapo. Nikadondosha matone ya rangi ya chakula majini karibu nao. Rangi ikavutwa, uzi mwembamba wa kijani ukiingia ndani ya chombo. Baada ya muda mfupi nikasikia sauti ya mume kutoka ndani: maji ya kisimani yamekuwa kijani.

Kinachotokea ni kilekile anachokifanya mtu anayehamisha mafuta kwa mpira kutoka mtungi ulio juu kwenda ulio chini: akishanyonya mara moja na mpira ukajaa, mafuta yanakwenda yenyewe mpaka mtungi wa juu uishe au hewa iingie. Mtungi wa juu hapa ni bahari, na ngama daima iko chini ya usawa wa bahari. Mnyonyaji ni pampu: inapofanya kazi inaujaza mpira wote, kisimani hadi nje. Ikizimika huku tundu likiwa chini ya maji, maji yanageuza njia. Shingo iliyopanda juu chini ya kokpiti haizuii chochote mpira ukishajaa. Inasaidia tu pale ambapo mpira ni mtupu. Watu wengi huridhika na shingo peke yake, na mjenzi wa yoti hii alikuwa na haki ya kuridhika nayo, kwa kuwa tundu lake aliliweka juu ya maji.

Sasa mfuatano wa usiku wao unasomeka. Jioni wanapasha maji, lita moja ya maji ya hita inashuka kisimani na kuinua boya. Wanakwenda kulala, tezi inazama. Pampu inatoa lita ile, inazimika, na bahari inaanza kurudi kwa mpira uleule. Nilipopima, ilikuwa kama lita 15 kwa dakika. Boya linapanda, pampu inawaka, na mchezo unajirudia mpaka kiwimbi kipitishe hewa kwenye tundu na kuukata mkondo. Mume akiamka kwenda kuangalia, uzito wake unaondoka tezini, tundu linachungulia nje, hewa inaingia. Ndiyo maana kila alipofika alikuta pametulia. Wakitumia maji ya tangi siku mbili tatu, tezi inapanda kidogo kidogo, na tatizo linajiondoa hadi tangi lijazwe tena.

Na usiku wa mafuriko? Vali ya njia moja ilishikwa na nywele, ikaruhusu bahari kurudi huku ikiizuia pampu kutoa. Walipokimbilia mbele wote wawili, tundu likapanda juu ya maji. Walijiokoa kwa kukimbia, hawakuokolewa na pampu. Fikiria sasa chombo hichohicho bila mtu ndani, betri zimekwisha: lita 15 kwa dakika ni lita 900 kwa saa, na kila lita inayoingia inakizamisha chombo zaidi na kulipeleka tundu chini zaidi. Watu wa bima za vyombo vya starehe wanajua vizuri kwamba vingi zaidi huzama vikiwa vimefungwa gatini kuliko vikiwa safarini, na njia mojawapo ni hii.

Kilichobaki kilikuwa kuuliza kwa nini tezi imeshuka kiasi hicho, na hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa. Hakuna kifaa kilichoharibika. Pampu ya kwanza ilikuwa nzima, swichi ya kwanza nzima, hita inafanya ilivyotengenezwa. Kilichobadilika ni kwamba yoti iliyoundwa kwa safari za majuma machache imegeuzwa nyumba. Kwa chombo cha ukubwa huu, eneo la mwili lililokata maji ni kama mita za mraba 20, kwa hiyo kila kilo 200 hukizamisha sentimita 1, hata ukizigawa sawasawa mbele na nyuma. Ukizirundika nyuma, tezi inazama zaidi na omo, yaani mbele, inainuka.

Tukachukua mzani wa kuning'iniza tukapima kila kitu ambacho hakikuwemo chombo kilipojengwa. Fremu ya chuma nyuma yenye paneli za sola. Kihori na injini yake vinavyoning'inizwa nje kabisa ya tezi, mahali pabaya kuliko pote kwa sababu umbali unazidisha uzito. Betri za ziada chini ya kitanda. Sanduku la zana, na lingine la zana, na la tatu ambalo mume alikuwa amelisahau. Vipuri vya injini, pamoja na pampu ya zamani, swichi ya zamani na betri moja ya zamani ambayo "huenda ikasaidia". Vitabu. Vitambaa vya turubai kwa marobota. Cherehani, zaidi ya kilo 20. Jumla ilikaribia tani moja. Mume alikuwa amekadiria nusu yake, na nadhani alikuwa mkweli. Vitu huingia nyumbani kimoja kimoja na hakuna siku hata moja ambayo mtu huona chombo kikishuka.

Katika matengenezo, pendekezo la kwanza la mume lilikuwa kufunga vali ya kuzima kwenye tundu na kuifunga kila usiku. Nikakataa. Pampu inayojiwasha ikisukuma kwenye vali iliyofungwa haitoi tone, na usiku ambao kuna uvujaji wa kweli ndio usiku ambao vali itakuwa imefungwa.

Tuliliacha tundu la zamani na kutoboa jipya juu zaidi, sentimita 30 juu ya mstari wa maji wa sasa ukiwa na mzigo wote, karibu na mstari wa katikati ya tezi ili lisizame chombo kinapolala upande mmoja kwa upepo. Kwenye kilele cha shingo tukafunga vali ya hewa, ile inayofunguka yenyewe mkondo unapotaka kugeuka na kukata mvuto. Vali hizi ndogo hupuuzwa kwa sababu hazionekani. Chumvi hukauka kwenye ulimi wake na ikikwama imefungwa, ni kama haipo. Hii tumeiweka mahali mkono unapofika bila kuvunja kitu, na mke ameiandika kwenye daftari aioshe kwa maji ya moto kila anapobadilisha mafuta ya injini. Kwa nini mafuta ya injini? Kwa sababu hiyo ndiyo kazi pekee ambayo katika nyumba hiyo haijawahi kusahauliwa.

Vali ya njia moja haikurudi. Lita mbili zinazorudi kutoka kwenye mpira bado zinarudi, jirani alikuwa sahihi, kwa hiyo tulipandisha swichi ya boya kidogo ili kisima kizibebe bila kuiwasha pampu tena. Kisima kina maji kidogo muda wote. Mume hapendi, yeye anataka ngama kavu. Nilimwambia achague kati ya maji kidogo yanayojulikana na pampu isiyolala. Pampu kubwa tuliihamishia juu kidogo, na mpira wake pekee na kengele yake, iwe ya dharura; ile ndogo ya zamani, iliyotolewa kwenye sanduku la vipuri, ikarudi kisimani kufanya kazi ya kila siku. Juu yake tukaweka kikapu cha wavu cha kunasa nywele na nyuzi za turubai, kinachotolewa na kusafishwa kila juma wakati huohuo boya linapoinuliwa kwa mkono kuhakikisha linawasha.

Kwa hita tukafunga chungu kidogo cha kupokea maji yanayotanuka, chenye hewa upande mmoja wa ngozi ya mpira. Lita ile ya jioni sasa inakwenda humo na kurudi kwenye bomba hita ikipoa, badala ya kwenda ngamani. Ingekuwa rahisi kuona hili kama jambo dogo, lakini ni lita hiyo iliyokuwa inaipa pampu sababu ya kuwaka kila jioni.

Uzito ulileta mabishano marefu kuliko umeme na mabomba yote. Kilichokwenda bila ubishi ni betri ya zamani na sanduku la tatu la zana. Injini ya kihori sasa hushushwa na kufungwa katikati wakiwa gatini. Vitabu na marobota ya turubai vilihamia chumba cha mbele, jambo lililomaanisha kwamba chumba cha mbele si tena cha wageni. Cherehani ilibaki ilipo kwa siku kadhaa za majadiliano, kisha ikasogezwa chini ya kochi la katikati, na hapo ikagundulika kuwa ni rahisi zaidi kuitoa. Tangi la nyuma hujazwa nusu tu isipokuwa kabla ya safari, na la mbele, ambalo walikuwa wameliacha kwa sababu mpira wake ni mfupi, limefufuliwa. Jumla ya hatua hizi iliinua tezi karibu sentimita 6 bila wao kuacha chochote wanachokitumia.

Tundu la zamani lina kizibo cha shaba nyeusi kilichokazwa kwa nati kutoka ndani, na limetiwa alama kwenye orodha ya kazi za chombo kikipandishwa nchi kavu. Hapo litasagwa pembeni kwa mteremko wa kumi na mbili kwa moja na kujazwa faibaglasi tabaka juu ya tabaka, na mpaka wa rangi ya chini upakwe upya juu zaidi nyuma, ufuate maji yalipo leo. Kihesabu cha pampu kimeachwa kwenye waya wake. Asubuhi nyingi mke huandika sifuri, na baada ya kutembeza injini huandika moja au mbili, ambazo ni za pakingi ya shafti.